Mdomo wa Righa

Si kale sana, ni msimu wa mbio uliopita. Asubuhi ya mashindano, farasi Radi aliamka mguu wake wa mbele wa kushoto umevimba. Mwenye farasi, Bwana Thairu, akamdunga sindano ya kuua maumivu, kisha akamgeukia saisi wake, mtunza farasi Righa.

"Uchue dawa mguu huo mpaka uvimbe ushuke. Na daktari wa mbio akija, ukifungua mdomo tu, kazi huna."

Righa alimkumbuka mpanda farasi aliyevunjika shingo alipoanguka na farasi mgonjwa aliyedungwa namna hiyo.

"Sitaufungua, mzee," akasema.

Daktari alipofika, uvimbe ulikuwa umeshuka, na Radi akatembezwa mbele yake kwa madaha kama bwana harusi. Daktari akatoa kalamu atie sahihi kwamba Radi ni mzima, aruhusiwe kukimbia. Hapo Righa akachuchumaa, akaanza kuuchua dawa mguu wa kulia, polepole, kwa bidii kubwa.

Bwana Thairu hakuwa mtu wa kuona kosa la mfanyakazi akanyamaza. Akakohoa. Akakunja uso. Mwishowe uzalendo ukamshinda.

"Mpumbavu wewe! Si nilikwambia mguu mbovu ni wa kushoto?"

Daktari akairudisha kalamu mfukoni, akainamia mguu wa kushoto.

Bwana Thairu akamkazia Righa macho. Righa akauonyesha mdomo wake kwa kidole. Ulikuwa umefungwa.