Amina Iliyotoka Nyuma ya Mlango

Mwitikiaji hafichiki. Mmemsikia mwinjilisti akilisema neno hilo leo kanisani, wazee wakacheka, ninyi mkabaki kutazamana. Sasa mnataka kujua limetoka wapi. Sogeeni basi, na mikono iendelee kupukuchua mahindi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima hii ya Upare, juu kule Mvungwe, alihamia mjane mmoja jina lake Nakijwa. Alikuja kukaa katika nyumba ndogo ya udongo aliyoachiwa na shangazi yake. Hakuwa na ng'ombe, na shamba lake lilikuwa kipande tu, lakini alikuwa na sauti.

Waumini wa Mvungwe hawakuwa na vitabu vya nyimbo. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia. Mwanzishaji alikuwa Mzee Mbazi, ambaye Mungu alimpa moyo wa kuimba bila kumpa kipimo. Kila wimbo aliuanzia juu, kama mbuzi anayeanza safari akiwa tayari kileleni mwa jabali, na watu walimfuata huko huko mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Nakijwa alipokuja, aliitikia kwa chini, taratibu, na wimbo mzima ukashuka ukakaa mahali pake. Hata mtu akiomba, Nakijwa aliitikia "Amina" kwa namna iliyompa mwombaji nguvu ya kuendelea, hata kama alikuwa mwenye haya.

Jumuiya ilikutana kila Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenye nyumba alisoma Neno, kisha akawapa wenzake uji wa tangawizi. Nakijwa alizipenda alasiri hizo kuliko kitu chochote. Kwake hakukuwa na wa kuzungumza naye ila kuku mmoja, na kuku yule alikuwa msikilizaji tu.

Mwaka ule mvua ilizidi. Mahindi yake yalioza shambani na ukuta wa jiko lake ukaanguka. Hakumwambia mtu. Wiki moja kabla ya zamu yake walikuwa kwa Mama Eliapenda, mama mkarimu mwenye ulimi mwepesi. Mama huyo akamjazia Nakijwa kikombe cha pili, akasema, "Mwenzetu huyu kwa kuitikia hana mpinzani. Jumamosi ijayo tutaona kama na chungu chake kinajua kuitikia."

Watu wakacheka. Nakijwa naye akacheka, lakini kikombe kile hakukimaliza.

Jumamosi ilipofika, alitazama ndani ya debe la unga akakuta konzi moja. Kigoda alikuwa nacho kimoja. Akamwambia jirani kwamba anashuka Same kumwona binti yake, kisha akaingia ndani, akatia komeo, akaketi nyuma ya mlango. Aliwaza kwamba watakuja, wataona kumefungwa, watarudi makwao. Na yeye hatakwenda tena kwenye jumuiya. Heri kuomba peke yake kuliko kuonekana alivyo. Ndivyo alivyoamua, na uamuzi wenyewe ulimliza.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulijua, kwa kuwa alikuwa bado mgeni. Mvungwe, zamu hairukwi. Mwenye nyumba akiwa safarini, jumuiya huja vile vile, huketi nje ya mlango wake, wakaiombea nyumba yake ndipo waondoke.

Basi akasikia nyayo. Akasikia watu wakiketi, migongo yao ikiegemea ukuta ule ule alioegemea yeye. Kuku akataka kulia. Akamkumbatia haraka, akamfunika kwa kanga.

Mzee Mbazi akaanzisha wimbo. Ulianzia juu, ukapanda zaidi, na hakukuwa na wa kuushusha. Akina mama walikwama ubeti wa pili, mmoja akakohoa. Nakijwa alikuwa ameuma pindo la kanga. Sauti ilimjia hadi kooni, akaimeza. Wimbo ukafa wenyewe njiani.

Ndipo Mama Eliapenda akaomba. Aliomba polepole, si kama alivyozoea kusema.

"Bwana, tunamwombea dada yetu aliye njiani. Wewe unajua nilimtania, na mzaha wangu ulikuwa na mwiba. Niliona hakumaliza kikombe. Nisamehe. Umrudishe salama, akae tena katikati yetu."

"Amina," ikasikika.

Ilitoka nyuma ya mlango, laini na ya chini, kama siku zote. Kuku alikuwa amenyamaza. Aliyeshindwa kunyamaza ni mwenye kuku.

Nje watu wakaugeukia mlango. Kisha Mzee Mbazi akasema, "Bwana wetu ni mwepesi wa kujibu. Hata kwa jina la Yesu hatujafika."

Mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, na nyuma ya mlango pia kicheko kikasikika, kimechanganyika na kilio. Komeo likatoka. Nakijwa akasimama mlangoni, kuku kwapani.

"Nakijwa mwanangu," akauliza Mzee Mbazi, "Same umerudi saa ngapi?"

"Sikwenda, baba. Sina viti. Sina unga wa kuwatosha. Niliona aibu."

Mzee akajipangusa udongo kwenye suruali. "Tangu tufike tumekaa chini. Umemsikia nani akidai kiti?"

Mama Eliapenda akainuka. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akauvuka ukuta ulioanguka bila kuutazama, kama vile kila jiko huingiwa hivyo. Akawasha moto, akakoroga konzi ile ya unga katika chungu kilichojaa maji, na tangawizi tele. Uji ulikuwa mwepesi hata ungeona sura yako ndani yake. Akajimiminia wa kwanza, akanywa, akafumba macho.

"Chungu kimeitikia," akasema.

Safari hii Nakijwa alikimaliza kikombe chake. Na wiki iliyofuata walirudi na majembe, wakaukandika ukuta ule upya. Mzee Mbazi aliwaanzishia wimbo, juu sana, na Nakijwa akaushusha huku mikono yake imejaa udongo.

Tangu hapo, mtu wa Mvungwe akianza kujitenga kwa aibu au kwa huzuni, hawamsemi njiani. Huenda mlangoni kwake, wakaimba, wakaomba, kisha hunyamaza kidogo kabla ya kuondoka, wakisikiliza. Wanajua kwamba aliyekwisha kumfuata Bwana pamoja na wenzake, moyo wake hujibu hata kabla hajauruhusu. Ndiyo maana wazee walicheka leo, wajukuu wangu. Mwitikiaji hafichiki.