Jezi ya Kipa Ilikuwa Moja Tu

Wewe uliyeshika simu hapo, hebu tulia dakika tatu. Hii ni ya mtu mwenye neno la kumwambia mwenzake na siku zinapita hajalisema. Ukimaliza, unajua mwenyewe wa kumtumia.

Makambako palikuwa na timu ya mtaani, Upepo FC. Timu yenyewe hohehahe: wachezaji ishirini, mipira miwili, na jezi ya kipa moja tu, ya kijani, namba moja mgongoni. Desturi yao ilikuwa hii: anayedaka ndiye anayekaa na jezi nyumbani kwake, ifuliwe huko, aje nayo siku ya mechi.

Miaka kumi na minne jezi ile ilikaa kwa Mlelwa, baba la miraba minne, mpole huyo hata kumfokea mwamuzi hawezi. Kocha wao, Mpangile, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Enzi zao walicheza pamoja, Mpangile beki, Mlelwa golini nyuma yake.

Msimu ule bega la kulia la Mlelwa likagoma kupanda. Mechi tatu, mabao manne, yote juu kulia, pale pale. Na kwenye benchi alikuwepo Filimoni, fundi baiskeli, mwembamba lakini mwepesi kwelikweli, anasubiri zamu yake msimu wa pili sasa. Ikabaki mechi moja, ya Jumamosi. Wakifungwa, wanashuka daraja.

Kocha akaamua: atadaka Filimoni. Kuamua ni rahisi, bwana! Kazi ilikuwa kwenda kuichukua ile jezi.

Jumatatu akaenda.

"Karibu kocha! Kwema huko?"

"Kwema kabisa. Nimepita kuwasalimu tu."

Akapewa chai na viazi vitamu. Akala, akashukuru, akaondoka mikono mitupu. Jumatano akarudi, akasema anatafuta pampu ya mpira. Pampu! Wakati anayo kwake uvunguni. Alhamisi hakufika hata mlangoni. Alimwona Mlelwa kwa mbali akifungua dirisha kwa mkono wa kushoto, roho ikamuuma, akageuza.

Mazoezini ndiyo ikawa aibu. Mlelwa akisogea, kocha anainama kufunga kamba za viatu, kamba zenyewe zimefungwa vizuri tu.

Jumamosi asubuhi hakukuwa na pa kukimbilia. Akabisha hodi. Akatoka mke wa Mlelwa, Mama Agripina.

"Mwenzangu katangulia uwanjani, shemeji. Kasema ukija nikupe hii."

Ilikuwa jezi, imefuliwa, imekunjwa.

"Shemeji, mimi nimepita tu ku..."

"Kusalimu, najua. Ifungue."

Akaifungua. Ile jezi pana ya Mlelwa ilikuwa imepunguzwa mbavuni pande zote mbili, na mikono imefupishwa, kwa sindano ya mkono, mshono wa subira. Mlelwa mwenyewe asingeweza kuivaa tena.

"Nani kaipunguza?"

"Mimi. Tangu Jumatatu, ulipoondoka na viazi vyangu tumboni. Alinipa vipimo vya Filimoni, akasema, 'Mpangile hataweza kuniambia, ana huruma mno. Tumsaidie.'"

Kocha akaketi kizingitini, mtu mzima, akalia na jezi mapajani.

Uwanjani alimkuta Mlelwa akimrushia Filimoni mipira ya juu, kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, nisamehe."

"Kwa lipi? Bega nalijua mimi, ndiye ninayelala nalo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka niambiwe na wewe. Benchi haliniumi, Mpangile. Kilichoniuma ni wiki nzima hunitazami usoni. Miaka yote ile tulilinda goli moja, leo unaniogopa?"

Kocha akainama, mkono ukienda tena kwenye kamba za viatu.

"Haya, niambie sasa," akasema Mlelwa. "Nipo hapa."

Kocha akainua uso, akamtazama.

"Leo hudaki, kaka. Leo anadaka Filimoni."

"Ahsante," akasema Mlelwa, na machozi yalimlengalenga. Kisha akaichukua jezi, akamvisha Filimoni yeye mwenyewe, akamnyoosha kola.

Mtaniuliza, walishinda? Hawakushinda. Ilikuwa bila kwa bila, na sare iliwatosha kubaki. Mlelwa alisimama nyuma ya goli dakika zote tisini akimwelekeza Filimoni mpaka sauti ikakauka. Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha hakukimbilia kwa wachezaji. Alizunguka nyuma ya goli.

Funzo: Ukweli unaomficha mwenzako kwa kumhurumia, mara nyingi anaujua zamani, anachongoja ni wewe uje umwambie ukimtazama usoni, ajue kwamba nafasi yake imekwenda lakini wewe bado ni wake.