Hodi kwa Kito

Paukwa!

Pakawa!

Hee, mnaitika kivivu hivyo? Na nyinyi wazee kule nyuma, msijifanye mna mafua. Marehemu bibi yangu asingeanza hadithi kwa itikio hilo. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kila mlango ulipigiwa hodi. Jamani, nazitamani zile hodi za bibi!

Palikuwa na Mama Kakakuona na mwanawe, Kito. Kito hakuwa akisema. Njaa ikimuuma, hasemi. Akifurahi, hasemi. Husukuma tu kigoda karibu na moto, krrr, ukae naye hapo. Mama yake alitamani kuitwa "mama", hata mara moja.

Akaja Ngedere mtafiti, kayamba mkononi. Chwa, chwa, chwa!

"Mama, nataka kumchunguza mwanao, nijue kwa nini hasemi. Unaridhia?"

"Atasema?"

"Huenda."

Mama akaridhia haraka haraka.

"Na wewe, Kito?" Kito kimya, jii. Ngedere akamtikisia kayamba sikioni. Chwa, chwa! Kito akajikunja, ndi! Akatikisa tena. Kito akazidi kujikunja. Basi Ngedere akashika gamba lake, akavuta ili amkunjue.

"Ngedere, hataki!"

"Amesema hataki? Nilimuuliza, akanyamaza. Na wewe si uliridhia?"

Mama aliitamani mno sauti ya Kito. Akamtazama mwanawe alivyojifunga.

"Ngedere, ukipiga hodi usiitikiwe, unafanyaje?"

"Naondoka. Mimi nimelelewa, mama."

"Basi kwa mwanangu hujaitikiwa, nawe unavunja mlango. Na shoka nimekupa mimi. Niliridhia kwa ajili ya masikio yangu. Mwache!"

Ngedere akaachia gamba. Haya zikamjaa.

Tangu hapo akawa anakuja bila kayamba. "Hodi, Kito!" Jii. Anageuka, anarudi kwake. "Hodi, Kito!" Jii. Anarudi. Wenzake wakamcheka: utafiti gani huo wa kwenda na kurudi?

Siku moja, hodi, jii, akageuka. Nyuma yake akasikia krrr. Kito anasukuma kigoda. Akakisukuma, akakisukuma, mpaka mlangoni.

"Mama, anafanya nini?"

Mama machozi yanamtoka. "Kaa, baba. Umekaribishwa."

Basi, wakubwa kwa wadogo, asiyesema ana lake. Usiuchukue ukimya wake ukaufanya ndiyo. Hata mzazi akikuruhusu, mpigie hodi na mwenyewe, kisha ungoje.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye kigoda cha Kito. Na kesho mkija kwangu, msisukume tu mlango. Pigeni hodi, nimkumbuke bibi.