Mnunuzi Mjinga

Mwaka ule bei zilipopanda na kushuka kama bembea, tajiri Semkiwa alinong'onezwa kwamba barabara ya lami ingepita Kwemkole. Akamwendea mbio Bi Mwanakheri, mjane aliyekuwa na kiwanja kimoja tu cha kumfaa uzeeni, akamkuta barazani na majirani.

"Dada, uchumi umeharibika," alisema kwa huruma. "Niuzie kiwanja chako kwa mbuzi kumi. Mbuzi huzaa, ardhi haizai."

"Na mwakani kitakuwa bei gani, kaka?"

"Mbuzi wawili, tena umpate mnunuzi mjinga!"

"Huyo mjinga akija kwako, utamuuzia?"

"Wallahi nitamuuzia, na chai nitamnywesha!"

Majirani wakaangua kicheko.

"Jamani, mmesikia alivyoapa," alisema Bi Mwanakheri. "Msije mkanisema kwamba nimeuza rahisi."

Akapokea mbuzi wake, majike watupu, akawapeleka malishoni.

Mwaka ukapita. Barabara ikaja, bei ya viwanja ikapaa. Semkiwa alikuwa akijadiliana na wanunuzi kutoka mjini Bi Mwanakheri alipotokea, majirani wale wale nyuma yake, akiwavuta mbuzi wawili kwa kamba.

"Bei imepanda, dada!" Semkiwa alipiga kelele hata kabla ya salamu. "Mjinga gani atakuja kununua kiwanja hiki kwa mbuzi wawili?"

"Ni mimi, kaka," alisema Bi Mwanakheri, akamkabidhi kamba na kuketi. "Na chai yangu usitie sukari nyingi."