Kisanduku cha Tundu Moja

Magugu hayamsubiri mtu anayelinganisha majembe dukani. Anayetaka kuvuna hulima kwa alilonalo, ndiyo maana tukaambiwa mchagua jembe si mkulima.

Nyumbani kwa mpiga picha mmoja wageni hawakukatika, na kila aliyeingia aliomba nywila ya mtandao kabla hajaomba maji. Siku moja simu ya mgeni ilileta kirusi, kikapenya hadi kompyuta ya kazi na kufunga picha zote za harusi, zisifunguke tena. Bibi harusi alilia kama aliyefiwa. Mwenye ukumbi, aliyekuwa akimpa mpiga picha kazi, akatamka bila kupepesa macho: "Zikipotea tena, tusijuane."

Mpiga picha akaapa kujenga ukuta wa kulinda mtandao kabla ya harusi ya Jumamosi. Alichokuwa nacho ni kompyuta kuukuu, ndogo kama tofali, yenye tundu moja tu la waya.

Shemeji yake, waliyemwita Mkurugenzi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuelekeza tu, akaangua kicheko. "Shemeji, ukuta unataka matundu mawili! Mdomo mmoja utakulaje na kutapika kwa pamoja? Ngoja ninunue mashine yangu mpya."

"Hiyo mpya tunaisikia tangu mwanao hajaota meno," mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "na sasa yanang'oka!"

Mpiga picha akaigeuzageuza kompyuta ile mkononi. Alikumbuka ukumbini: mlango ni mmoja, wageni ni wa pande mbili, na utepe begani humwambia bawabu nani aketi wapi. Akatafuta swichi, kifaa chenye matundu mengi cha kugawa mtandao kwa waya, inayoweza kutia data alama kama utepe: ya nje yake, ya wageni yake, ya kazi yake. Zote zingepita tundu lile lile, na ile kompyuta, kisanduku chake kidogo, ingekuwa bawabu.

Akaanza na swichi, akabadili mipangilio ya matundu yake yote, hata lile alilokuwa akiingilia yeye mwenyewe, akajifungia nje. Mtandao ukakatika nyumba nzima.

"Tamthilia yangu jamani!" mama mkwe akapiga ukelele.

"Si nilisema?" Mkurugenzi akachekelea.

Mpiga picha akajifunga kibwebwe. Akachokoa kwa pini kitufe cha swichi cha kufuta mipangilio hadi ikasahau kila kitu, akaanza upya: kisanduku kwanza, swichi baadaye, na tundu moja akaliacha bila kuligusa, liwe mlango wa kurudia akijifungia nje tena. Jioni tamthilia ikaendelea.

Harusi ikapita. Jumapili Mkurugenzi akabonyeza ujumbe wa "Umeshinda gari!" Kirusi kikaingia simu yake, nayo ikaanza kubisha hodi kwa kompyuta ya kazi, na bawabu akajibu kwa mistari myekundu kwenye skrini: imezuiwa, imezuiwa. Picha zote za Jumamosi zilimfikia bibi harusi wake, na mwenye ukumbi akaagiza harusi nyingine.

"Shemeji," Mkurugenzi akauliza kwa upole, "kile kisanduku ulikinunua wapi?"

"Sikukinunua. Kilikuwa kinazuia mlango wa stoo usijifunge."

Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu. "Umesikia, Mkurugenzi? Mchagua jembe si mkulima!"