Mwanatumu Ahamia Zizi la Punda

Hapo zamani, mfalme mmoja aliwapenda punda wake hata akaweka sheria: amtukanaye punda atabeba maji badala yake mpaka jua litue, kwani punda aliyetukanwa, alisema, hubeba kwa kinyongo na maji humwagika njiani.

Basi alikuwako mjane fukara, Mwanatumu, muuza vitumbua. Siku moja alimtaka Bwana Badi, tajiri wa tende, angoje zamu yake kama wenzake, naye Badi akamwita kahaba mbele ya soko zima. Jioni wakwe watarajiwa wa Zamda, binti wa Mwanatumu, wakatuma mtu kusema kwa neno lile posa imevunjika.

Mwanatumu akaenda barazani kushtaki. Mfalme akamjibu kwamba hilo ni neno la hasira tu, wanawake wote huambiwa, wala halihesabiwi kuwa tusi.

"Nionyeshe jeraha lilipo, nami nitamhukumu."

"Na punda, maulana, jeraha lake huwa wapi?"

"Punda ana sheria yake. Wewe huna."

"Nimeelewa, maulana."

Asubuhi watunza zizi walimkuta amesimama kati ya punda wawili, tandiko mgongoni, anatafuna majani bila haraka. Wakamwuliza ana nini. Akasema amehamia penye sheria. Habari ikaenea. Akaja mkunga, akafuata mke wa kadhi na mto wake wa kulalia, ikawa alasiri zizi limejaa wanawake, punda wamesimama nje juani, na mjini hakuna jiko linalotoa moshi. Waume walikuja na watoto wanaolia, wakaambiwa wapunguze kelele, punda wamepumzika.

Mfalme akaagiza chakula, akaambiwa malkia naye yumo zizini. Akaenda mwenyewe, akamkuta malkia akigombania pumba na shangazi wa mfalme.

"Toka, mke wangu."

"Mke wako huitwa lolote na yeyote. Mimi ni punda, bwana. Sema nami kwa adabu."

Mfalme akacheka, na alipoona anacheka peke yake, akaamuru palepale kwamba neno lile ni tusi, na adhabu yake ni ileile.

Basi Badi akafungwa tandiko, akapeleka maji nyumba kwa nyumba. Kabla jua halijatua, mama wa bwana harusi alikuja mbio kuirudisha posa. Mwanatumu, aliyekuwa akichekecha unga wa kesho, akamwambia aketi angoje: Badi hajaujaza mtungi, na Zamda mwenyewe hajasema kama bado anawataka.