Ngiri na Njia ya Shimo Jipya

Paukwa!

Pakawa!

Sawa. Na nyie wakubwa mnaosinzia pale nyuma, sinzieni tu. Katika hadithi hii usingizi una kazi yake.

Hapo zamani za kale aliishi Ngiri, kichwa kikubwa, ndani upepo. Ukimwambia jambo, liliingia sikio hili likatokea lile. Mvua ikaja, ikalijaza shimo lake tope. Muhanga, yule mama wa pua ndefu anayechimba mashimo, akamhurumia, akampa shimo lake moja. Akamwelekeza: toka mtoni, pita kichuguu, zunguka mti wa mgunga, chini ya jiwe ndipo kwako. Ngiri akasema ameshashika. Alishika wapi?

Simba akatokea. Ngiri huyo, puku puku puku, mpaka shimo la zamani. Akaingia kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia. Chubwi! Matako kwenye tope. Simba akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko hicho kikampa Ngiri nafasi ya kuponyoka, ila Simba alimrukia kwa nyuma, nusu ya mkia ikabaki kinywani mwake.

Ngiri akaenda kwa Muhanga analia.

"Leo umeacha mkia," Muhanga akasema. "Siku nyingine utaacha shingo. Kaipite ile njia kwa miguu yako."

Akaipita. Mtoni, kichuguu, mgunga, jiwe. Akairudia, akairudia, hataki kula, hataki kulala, mpaka akaanza kukiamkia kichuguu shikamoo.

"Sasa kalale," Muhanga akamwambia.

"Nikilala nitasahau, mama."

"Ukilala ndipo kichwa kinapanga vitu vyake ndani. Usipolala vinabaki mlangoni, upepo unavichukua. Kalale, kesho urudie."

Ngiri akalala, khoro khoro, miguu ikitembea ndotoni: mtoni, kichuguu, mgunga, jiwe. Kesho yake akarudia, akalala. Siku iliyofuata vilevile.

Siku moja, Simba huyo tena. Ngiri mbio, puku puku puku. Njiani, kwa kawaida yake, akasahau anakimbia nini. Lakini miguu haikumngoja. Kichuguu, mgunga, jiwe, kinyumenyume, ndani. Makucha yakakwaruza mlangoni, kwaru kwaru.

Ngiri akajikuna. "Hivi nilikuwa namkimbia nani?"

"Mimi," Simba akajibu pale nje, kwa unyonge wa njaa.

Basi jueni, jambo halikai kichwani kwa kusikiwa mara moja. Lirudie, ulale, ulirudie tena.

Na hadithi yangu imeishia hapo, imeingia shimoni kinyumenyume. Haya, kalaleni.